Namna ya Kuandaa Sherehe ya Mwaka ya Idara ya Muziki Shuleni

Katika shule nyingi za Manispaa ya Tabora, kazi ya muziki ya mwaka mzima hufanyika vipande vipande. Kwaya huimba Siku ya Mtoto wa Afrika tarehe 16 Juni, kikundi cha ngoma huitwa kuupokea Mwenge wa Uhuru, wachache huteuliwa kwenda kwenye fani za ndani za UMISSETA, yaani mashindano ya michezo na sanaa ya shule za sekondari, na wote hukutana tena kwenye mahafali ya kidato cha nne, ambako huwekwa kati ya hotuba moja na nyingine. Kila shughuli kati ya hizo ina mwenyewe, na mwenyewe huyo kwa kawaida si idara ya muziki. Mzazi aliyemwona mtoto wake akipiga ngoma mwezi Juni hana namna ya kujua kwamba kufikia Septemba mtoto huyohuyo alikwisha kutunga wimbo na kuwafundisha wenzake sauti ya pili.

Mwongozo huu ni kwa walimu walezi wa kwaya, wakuu wa shule, viongozi wa wanafunzi na wazazi wanaotaka kuiandalia idara yao siku yake yenyewe. Nauandika nikisimamia jambo moja: sherehe ya mwaka ni hesabu ya kazi inayotolewa hadharani, na kila mwanafunzi aliyefanya kazi ana haki ya kutajwa kwa kazi aliyoifanya. Shule ikiandaa tamasha la waimbaji wake watatu hodari, watu watapiga vigelegele na kwenda nyumbani wakiwa wamefurahi, lakini watakuwa wameona sehemu ndogo sana ya kile kilichofanyika.

Daftari la matukio

Maandalizi huanza Januari shule zinapofunguliwa, kwa kununua daftari moja gumu na kumpa mwanafunzi mwenye hati nzuri, akisimamiwa na mwalimu mlezi. Baada ya kila onyesho, hata liwe la kuimba asubuhi mstarini mbele ya mgeni mmoja kutoka halmashauri, ziandikwe tarehe, mahali, nyimbo zilizoimbwa, jina la aliyeongoza, majina ya waliokuwepo kwa kila sauti, waliopiga vyombo, na aliyefundisha wimbo huo mara ya kwanza. Mstari wa mwisho uwe wa tathmini fupi: kilichokwenda vizuri na kinachohitaji kurekebishwa. Kazi hii haizidi robo saa ikifanywa siku hiyohiyo, lakini ikiachwa hadi mwezi wa tisa, hakuna atakayekumbuka nani alisimama mahali pa mwenzake aliyekuwa na homa siku ya Mei Mosi.

Ninalisisitiza daftari hili kuliko kitu kingine chochote kwa sababu sherehe nzima hutegemea kilichoandikwa humo. Taarifa ya mwaka hutoka humo, majina ya vyeti hutoka humo, na hata ratiba ya nyimbo huchaguliwa kwa kulifungua na kuangalia ni wimbo gani ulifika mbali zaidi. Pia linaondoa manung'uniko. Mzazi akiuliza kwa nini mwanawe hakupewa cheti cha mahudhurio, mwalimu hulifungua na wakasoma pamoja.

Pamoja na daftari, kuwe na jalada la nyimbo zenyewe. Kwaya zetu nyingi hujifunza kwa nota za solfa (do, re, mi) zilizoandikwa ubaoni na kufutwa kipindi kinachofuata, na hivyo kazi ya miezi hupotea kwa dasta moja. Kila wimbo unakiliwe kwenye karatasi, pamoja na ufunguo wake, jina la mtunzi, na jina la aliyepanga sauti. Ikiwa mtunzi ni mwanafunzi, iandikwe na tarehe aliyoukamilisha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi wa kazi ya sanaa bila kujali umri wake, na karatasi yenye jina na tarehe ni ushahidi mzuri wa awali hata kabla ya familia yake kufikiria kwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

Siku, saa na mahali

Kalenda ya masomo yenyewe inaelekeza msimu. Kidato cha sita hufanya mtihani wa taifa mwezi Mei, kidato cha nne Novemba, na mvua za Tabora kwa kawaida huanza kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba. Kwa hiyo wiki za katikati na za mwisho za Septemba ndizo zinazofaa: kidato cha nne bado wana nafasi ya kushiriki, anga ni kavu, na uwanja wa shule unatumika bila hofu. Jambo la kuangalia ni jua, kwa kuwa Septemba na Oktoba ni miezi ya joto kali hapa kwetu. Wanafunzi wasikalishwe juani saa saba mchana wakiwa na sare za kwaya au mavazi ya ngoma.

Uchaguzi wa siku ya wiki unahitaji hekima zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Tabora ni mji wa Waislamu na Wakristo wa madhehebu mbalimbali, na Jumamosi, ambayo shule nyingi huipenda kwa sababu hakuna vipindi, huwafungia nje Waadventista Wasabato. Jumapili nayo huwaondoa waimbaji wa kwaya za makanisa, ambao mara nyingi ndio nguzo za kwaya ya shule. Napendekeza Ijumaa, kuanzia saa 9 alasiri. Swala ya Ijumaa inakuwa imekwisha na watu wamefika majumbani, mapumziko mafupi huwekwa baada ya saa 10 kwa ajili ya swala ya alasiri, na shughuli hufungwa kabla ya saa 12 jioni, yaani kabla jua halijazama na Sabato kuingia. Wanafunzi wa kutwa wanaotembea hadi Ipuli, Cheyo au Ng'ambo nao wanafika kwao kungali na mwanga. Kabla ya kutangaza tarehe, iangaliwe kalenda ya Kiislamu, kwa kuwa Maulidi na Ramadhani husogea kila mwaka.

Mahali pa kufanyia pawe palepale shuleni kama inawezekana. Ukumbi wa kukodi mjini unapendeza, lakini wazazi wanapokuja shuleni wanaona chumba ambamo watoto wao hufanyia mazoezi na vyombo wanavyotumia, na hilo huwasaidia kuelewa maombi ya idara kuliko hotuba yoyote. Bwalo linafaa kwa kwaya kwa sababu kuta hurudisha sauti. Ngoma zipigwe nje, chini ya miembe, ambako mdundo hauwaumizi masikio watazamaji na wachezaji wanapata nafasi ya kupiga hatua. Shule yenye sehemu hizo mbili inaweza kuanza ndani na kumalizia nje, na kuhama huko kukawa ndiyo mapumziko.

Kupanga ratiba

Saa mbili na nusu zinatosha, mapumziko yakiwemo. Ndani ya muda huo yapangwe maonyesho yasiyozidi kumi na mawili, na kila moja liwe limekwisha kuonekana mahali fulani katika mwaka, isipokuwa tungo mpya moja au mbili. Mshereheshaji, ambaye ni bora awe mwanafunzi, aseme kwa sentensi mbili wimbo huo uliimbwa wapi na lini, nani waliufanyia kazi, na ni kitu gani kimebadilika tangu hapo. Kwa njia hiyo hadhira inausafiri mwaka mzima pamoja na wanafunzi, kuanzia Siku ya Wanawake tarehe 8 Machi, kupitia sherehe za Muungano tarehe 26 Aprili, hadi Nane Nane.

Mpangilio ufuate nguvu ya sauti na ya mwili. Sauti za watoto huwa safi mwanzoni na huchoka baada ya kushangilia, kwa hiyo nyimbo za kwaya za sauti nne, hasa zile zisizo na ala, zitangulie. Zifuatwe na waimbaji wa peke yao na vikundi vidogo, kisha ala: kinanda, gitaa, filimbi, marimba, na zeze kama shule ina bahati ya kuwa na mpigaji. Bendi ya shule na ngoma vije mwishoni, kwa sababu ngoma ikishalia mbele ya hadhira ya Tabora, hakuna atakayetulia tena kusikiliza sauti ya tatu. Muziki wa kizazi kipya upewe nafasi yake bila kuonewa haya. Wanafunzi wengi hujifunza utunzi na mpangilio wa mizani kupitia huo, na masharti ni yaleyale kama kwa kwaya: maneno yawe yamesomwa na mwalimu, na mwimbaji aimbe kwa sauti yake mwenyewe, asifuatishe midomo juu ya sauti iliyorekodiwa.

Kuhusu ngoma za asili, idara ijitahidi kuonyesha zaidi ya moja. Wanafunzi wetu ni Wanyamwezi, Wasukuma, Waha, Wamanyema na wengine wengi ambao wazazi wao waliletwa na reli au na kazi, na kila nyumba ina mdundo wake. Ngoma kama manyanga na hiari ya moyo zina watu wanaozifahamu mitaani na vijijini, na kabla ya kuzipandisha jukwaani ni wajibu wa mwalimu kumwendea mzee anayezijua, kumsalimia ipasavyo, na kumwomba aeleze ngoma hiyo huchezwa wakati gani, mavazi yake ni yapi, na sehemu zipi haziwafai watoto. Mzee huyo aalikwe siku ya sherehe, akalishwe mbele, na atajwe. Vivyo hivyo kwa wanamuziki wa zamani wa dansi. Mji huu ndio uliozilea Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids iliyoongozwa na Salum Zahoro, na mpigaji mstaafu wa gitaa akikubali kukaa na wapigaji wa shule kwa alasiri moja kabla ya sherehe, atawaachia mengi ambayo hayamo katika kitabu cha kiada.

Mazoezi

Wiki nne kabla ya siku yenyewe, orodha ya maonyesho ifungwe. Nyimbo mpya zinazoingizwa dakika za mwisho ndizo zinazoharibu zile zilizokwisha kuiva.

Mwalimu awaangalie kwa makini wavulana wa kidato cha kwanza na cha pili ambao sauti zao zinavunjika. Kijana aliyeimba sauti ya kwanza mwezi Machi huenda Septemba hawezi kabisa kuifikia, na kumsimamisha peke yake mbele ya wazazi ni kumwaibisha bure. Asiondolewe kwaya. Ahamishiwe sauti ya tatu katika noti chache anazozimudu, au apewe ngoma na kayamba kwa muda, na aelezwe kwamba jambo hilo ni la mwili na litapita. Nimeona vijana wengi wakiacha kuimba moja kwa moja kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza hivyo.

Mazoezi ya jumla yafanywe wiki moja kabla, mahali palepale na saa ileile, vyombo vyote vikiwa vimewashwa. Hapo ndipo itakapojulikana kwamba kundi moja linachukua dakika sita kupanga viti, au kwamba jua la saa 10 linawapiga waimbaji machoni wasimwone mwongoza kwaya. Ratiba irekebishwe kwa muda halisi uliopimwa kwa saa.

Vyombo na mitambo

Ngozi ya ngoma hulegea kwa unyevu na kukaza kwa joto. Kwa hali ya hewa ya Septemba hatari ni kukaza kupita kiasi: ngoma iliyoachwa juani tangu asubuhi inaweza kupasuka kabla haijapigwa, kwa hiyo zitunzwe kivulini na kukaguliwa saa moja kabla. Ngoma inayohitaji kuwambwa upya ipelekwe kwa fundi mapema, maana ngozi mbichi huhitaji siku kadhaa kukauka vizuri. Gitaa ziwekewe nyuzi mpya siku chache kabla, si siku yenyewe, kwani nyuzi mpya huendelea kuvutika na kushuka sauti. Vyombo vyote vinavyopigwa pamoja vilinganishwe na kinanda cha umeme, kwa sababu hicho hakibadiliki kwa joto.

Kwa upande wa spika, kosa la kawaida ni kuziweka nyuma ya waimbaji. Mikrofoni hunasa sauti inayotoka kwenye spika, ikairudisha tena, na kinachosikika ni mluzi mkali. Spika zikae mbele ya mikrofoni zote, zikielekea kwa hadhira. Kwaya ya watu arobaini haihitaji mikrofoni kila mmoja. Mbili zilizosimamishwa mita moja au mbili mbele ya safu, kwa urefu wa vichwa vya walio nyuma, huchukua sauti zote kwa uwiano, na ndani ya bwalo huenda zisihitajike kabisa. Fundi mitambo apewe nakala ya ratiba na ahudhurie mazoezi ya jumla. Umeme ukikatika, jenereta iwe tayari mbali nyuma ya jengo ili muungurumo wake usiingie kwenye nyimbo, na mshereheshaji ajue ni maonyesho yapi yasiyohitaji umeme ili ayatangulize bila kusubiri.

Kuwatambua wanafunzi

Sehemu hii ndiyo roho ya shughuli, na ndiyo inayofanywa kwa haraka kuliko zote. Desturi ya kumtangaza "mwimbaji bora" na kumpa zawadi ina uzuri wake, lakini ikiwa ndiyo pekee, inawafundisha wengine wote kwamba mwaka wao haukuwa na maana. Muziki wa shule hubebwa na watu ambao hadhira haiwaoni: anayefika kwanza kufungua chumba, anayekariri sauti ya nne na kuwaelekeza wenzake hadi waishike, anayekumbuka kukusanya njuga na mavazi ya ngoma baada ya safari. Daftari la matukio linawajua hao kwa majina.

Vyeti viandikwe kwa kazi mahususi. Badala ya kuandika kwamba mwanafunzi "ameshiriki vizuri katika muziki", cheti kiseme kwamba aliongoza sauti ya pili katika maonyesho ya Mei Mosi na Nane Nane, au kwamba alitunga maneno na tuni ya wimbo fulani, au kwamba alianza mwaka bila kujua solfa na sasa anausoma wimbo mgeni bila msaada. Maneno hayo yana faida baada ya shule. Muziki ni somo linalotahiniwa na Baraza la Mitihani la Tanzania katika kidato cha nne, na kuna njia ya kuendelea, kwa mfano katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Kijana anayekwenda kujieleza huko akiwa na cheti kinachosema alichofanya, pamoja na nakala ya tungo zake, anaeleweka mapema kuliko mwenye pongezi za jumla.

Majina yasomwe yote, polepole, na yasomwe sawasawa. Ikiwa kwaya ina watu sitini, kuyasoma huchukua kama dakika nne, na hizo ni dakika bora za siku hiyo. Wazazi waombwe kusimama mtoto wao anapotajwa. Zawadi ziwe zile zinazoendeleza kazi: filimbi, nyuzi za gitaa, daftari la muziki, uma wa sauti (chuma cha kupatia sauti ya kuanzia). Mgeni rasmi na wazee waliofundisha ngoma wanaweza kupewa asali ya Tabora, ambayo ni zawadi ya heshima isiyohitaji maelezo.

Kwa wale wa kidato cha nne kuwe na makabidhiano. Kiongozi wa kila sauti amshike mkono atakayemrithi, wasimame pamoja na kuongoza ubeti mmoja, anayeondoka akianza na anayebaki akimalizia.

Wageni, kutunza na fedha

Risala kwa mgeni rasmi isomwe na wanafunzi wawili kwa kupokezana, isizidi dakika tano, na iwe na ombi moja lenye gharama inayojulikana. Orodha ya maombi tisa humwacha mgeni bila pa kuanzia.

Watu wetu wakifurahi hunyanyuka kwenda kutunza, na desturi hiyo ni njema, lakini noti zinazobandikwa usoni mwa mtoto anayeimba humvurugia pumzi na huleta ugomvi baadaye juu ya nani mwenye fedha. Liwekwe kapu mbele ya jukwaa, mshereheshaji aeleze mwanzoni kwamba anayetaka kutunza acheze hadi kwenye kapu, na walimu wawili wahesabu mbele ya mwakilishi wa wazazi na kutangaza jumla kabla ya kufunga. Michango ya awali ya wazazi iwe ya hiari na ipitie kwenye bodi ya shule kwa utaratibu uliopo, na mtoto wa aliyeshindwa kuchangia asinyimwe sare wala nafasi jukwaani. Chakula kiwe chepesi, na kiandaliwe na kamati ambayo haina waimbaji.

Picha na video ni kumbukumbu muhimu, ila wanaopigwa ni watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu hata picha zao, kwa hiyo idhini ya wazazi iombwe kwa maandishi pamoja na kadi ya mwaliko, na asiyeridhia aheshimiwe. Mtu mmoja apewe kazi ya kurekodi sauti kwa simu nzuri iliyowekwa kwenye kigoda katikati ya hadhira, mbali na spika.

Wiki inayofuata

Jumatatu vyombo vihesabiwe, vifutwe vumbi na kurudishwa stoo, ngoma zikiwekwa juu ya mbao ili mchwa na unyevu wa masika visizifikie. Kikao cha tathmini kifanyike wiki hiyohiyo, wanafunzi wakiwemo na wakiwa na haki ya kusema, na maazimio yake yaandikwe kwenye daftari. Kabla shule hazijafungwa, mwalimu mlezi ampelekee mkuu wa shule taarifa ya ukurasa mmoja yenye idadi ya maonyesho ya mwaka, majina ya watunzi, mapato na matumizi, na orodha ya vyombo vinavyohitaji matengenezo pamoja na bei alizopewa na mafundi, ili viingizwe kwenye mpango wa Januari.